Friji Zinazoshika Sabato

Jumapili moja saa tatu asubuhi nilifungua kikombe cha yogati mbele ya meneja wa supamaketi moja pale Keroka, nikakiweka kwenye kaunta, kati ya mashine ya risiti na peremende za watoto, nikamwambia, "Kunywa."

Akacheka. Alidhani ni mzaha.

"Madam, mimi nimeshakunywa chai."

"Sijakuuliza umekunywa nini. Mmeniuzia hii mara tatu, nikamlisha mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne. Wewe ni mtu mzima, una tumbo gumu. Kunywa."

Nyuma yangu foleni ilikuwa imeanza kurefuka. Mzee mmoja aliyekumbatia pakiti ya sukari akasema, "Si akunywe tu twende nyumbani? Kwani ni sumu?" Mwanamke mwingine akaguna. Meneja akakiinua kile kikombe, akakileta karibu na pua, akanusa, akakirudisha chini polepole kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

Kule kunusa ndiko kulikonimaliza. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimeambiwa kosa ni mikono yangu, ni maji yangu, ni sufuria zangu. Sasa huyu kijana mwenye tai, anayelipwa kuuza yogati, alikuwa anainusa yogati yake mwenyewe. Nikapiga kelele mpaka wapakizi wa ndizi wa ng'ambo ya barabara wakageuka. "Kama haina neno, umenusa nini? Sema! Umenusa nini?"

Nilikuwa na sababu ya kupiga kelele, na nitaieleza kwa mpango, maana watu wengi mjini wameisikia vipande vipande, na kila mtu ana kipande chake.

Mimi ni fundi wa kushona. Nashona sare za shule katika duka la mama mmoja Mkatoliki anayelifunga Jumapili. Kwa hivyo siku yangu ya kununua vitu vya nyumbani ni Jumapili asubuhi, wiki baada ya wiki. Mume wangu yuko Mombasa kikazi. Kwao ni Ikonge, kwa majani chai, na mama mkwe wangu ni Msabato wa kweli, wa kupika chakula cha Jumamosi siku ya Ijumaa na kuweka kuni ndani kabla ya jua kutua.

Supamaketi ile ilipofunguliwa tulifurahi wote. Jina lililo juu ya mlango ni la kampuni ya nchi za nje, lenye maduka nchi nyingi, rangi ni zile zile, mifuko ni ile ile. Mwenye duka ni mtu wetu, mzee wa kanisa, na alipofungua alisimama mlangoni akitusalimia mmoja mmoja. "Sasa hata Keroka tumefika," alituambia. Mimi nikaamini. Maziwa ya mitungi pale mjini unajua yametiwa maji, unayaona yakichemka bila utandu. Nikasema mwanangu atakula vya dukani, vya friji, vyenye tarehe.

Mara ya kwanza alipoharisha nilidhani ni meno. Mara ya pili nilimpeleka kituo cha afya, na yule aliyetuhudumia akaniuliza bila kuinua kichwa, "Unachemsha maji?" Nachemsha. "Unaosha mikono?" Naosha. "Unaosha na sabuni?" Akaandika kitu. Najua aliandika nini hata bila kukisoma. Aliandika mama mchafu.

Hapo nikaanza kushuku kila kitu. Nilishuku tarehe. Nilikaa mezani na wembe nikikwangua vibandiko, nione kama chini ya tarehe kuna tarehe nyingine. Hakukuwa na kitu. Nilishuku kwamba vitu vyenyewe ni mabaki, vimekataliwa huko nje tukaletewa sisi. Nikasoma kikombe: yogati imetengenezwa hapa hapa Kenya. Nilimshuku hata msichana anayepanga rafu, kwa sababu tu alikuwa na kikohozi. Nikirudi nyuma sasa naona aibu juu ya yule msichana.

Kuna jambo lingine la aibu, heri niliseme mwenyewe. Mara ya tatu niliionja ile yogati kabla ya kumpa. Ilikuwa chachu kupita kawaida, ikiwa na povu dogo pembeni. Nikajiambia yogati ni chachu, ndivyo ilivyo, na duka lile si la kubahatisha. Niliamini ubao wa mlangoni kuliko ulimi wangu. Nikampa vijiko sita.

Kufikia Jumatatu mchana macho yake yalikuwa yamezama. Ukifinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Alilazwa, akawekewa maji. Alipotoka, mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Ikonge na kanga mbili na begi tupu. Sikuuliza begi ni la nini.

"Mokamwana," aliniambia, ndivyo anavyoniita, yaani mke wa mwanangu. "Sigombani na wewe. Lakini mtoto atakuja kukaa na mimi mpaka ujue kumlea."

Nikampigia mume wangu. Akasema, "Msikilize mama." Nikakata simu. Mtoto akaondoka mgongoni mwa bibi yake, hata hakulia, na hilo pia lilisemwa baadaye kwamba ni ushahidi.

Huko Ikonge hakuugua. Wiki ya kwanza mzima, wiki ya pili mzima, ananenepa. Kila simu ilikuwa inaniambia hivyo. "Huku hata kikohozi hana." Mnaona mtego wenyewe? Mtoto alipona kwa sababu alikuwa hali tena chakula cha ile friji, lakini kwa watu wote alipona kwa sababu alikuwa hayuko na mimi.

Nikapiga namba iliyoandikwa chini ya risiti. Ilipokelewa Nairobi na dada mwenye sauti laini. Nikamweleza yote.

"Tunathamini sana maoni yako, mama," akasema. "Duka hilo linamilikiwa na mfanyabiashara anayejitegemea. Jambo hilo litashughulikiwa na mwenye duka."

"Jina la mlangoni ni la nani?"

"Jina ni letu."

"Na yogati?"

"Bidhaa ni za mwenye duka, mama."

"Na mtoto aliyelazwa?"

"Pole sana. Kuna jambo lingine ambalo ningekusaidia nalo leo?"

Nikamwendea mwenye duka. Akanipokea vizuri, akanipa kiti, akaniuliza habari za Ikonge. Kisha akasema vitu vyote vinafuata utaratibu wa kampuni ya kimataifa, na kama nina malalamiko kuna namba chini ya risiti. Nikamtazama. Alikuwa anatabasamu. Akisifiwa duka ni lake, akilaumiwa duka ni la Wazungu.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu wa mlango wa pili. Anatoka upande wa ziwani na huuza samaki sokoni, ameuza tangu kabla hajaolewa. Jumatano moja nilimwomba twende pamoja pale dukani. Hakutazama yogati hata kidogo. Alienda moja kwa moja kwenye friza ya nyama, akatia mkono, akatoa kuku aliyeganda, akamgeuza tumbo juu.

"Nyar Kisii, njoo uone," akaniita, binti wa Kisii, kama anavyonitania siku zote. Chini ya mfuko kulikuwa na damu nyembamba imeganda bapa kama kioo cha rangi ya waridi. "Huyu kuku amelia, kisha akanyamazishwa. Kuku akigandishwa mara moja, halii. Huyu ameyeyuka akagandishwa tena, na si mara moja." Akachukua mwingine, na mwingine. Wote walikuwa wamelia. Aiskrimu nazo zilikuwa zimelala upande mmoja ndani ya vikombe.

"Labda stima ilipotea," nikasema.

Meneja alikuwa amekuja nyuma yetu, anataka kujua tunapekua nini. "Hapa stima haipotei, madam. Tuna jenereta."

Jirani akanitazama, akarudisha kuku. Tulipotoka nje akasema, "Basi kuna mtu anazima."

"Azime friji kwa nini? Ni duka lake."

"Mimi sijui mambo yenu. Mimi najua kuku."

Ilinichukua mpaka Ijumaa kuelewa, na ilinijia nikiwa nashona kola. Ijumaa kabla ya jua kutua mwenye duka hufunga, maana naye ni Msabato kama mama mkwe wangu. Kila mtu Keroka anajua, wala si yeye peke yake anayefunga. Hufungua tena Jumapili asubuhi. Nami nanunua Jumapili asubuhi.

Jumamosi, saa kumi jioni, tulienda mimi na jirani. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha ile ya mchana, tukajikinga chini ya mabati nyuma ya supamaketi. Upande ule wa nyuma ndiko mashine za friji zimefungwa ukutani, na siku za kazi zinanguruma mpaka ukitaka kuongea na mtu unapaza sauti.

"Sikiliza," jirani akasema.

Nikasikiliza. Nilisikia mvua. Nilisikia mtu akiimba mbali, wimbo wa kanisani. Nikaweka kiganja kwenye bati la mashine. Lilikuwa baridi, halitetemeki. Tukazunguka mbele. Mlango umefungwa kwa minyororo, ndani giza, na juu ya mlango jina la kampuni linawaka, jekundu na kijani, mchana kweupe.

"Jina halishiki Sabato," jirani akasema, akatema mate pembeni.

Kwa hiyo Jumapili nilipomwambia meneja anywe, nilikuwa sibahatishi. Baada ya kelele zile alinivuta kando karibu na mafuta ya kupikia. Jasho lilikuwa limemtoka.

"Dada, naomba usinipoteze kazi. Si mimi."

"Ni nani?"

"Ni mzee mwenyewe. Ijumaa tukimaliza kufagia tunasimama hapa, anaomba, halafu anaenda kwenye swichi kubwa anaiteremsha. Jumapili saa kumi na moja alfajiri mimi ndio nairudisha. Kabla hamjaingia inakuwa baridi tena."

"Na ule ubao wa jina?"

"Uko kwenye laini yake ya stima. Mkataba wa jina unasema uwake kila siku. Wakikuta umezimika wanaweza kumnyang'anya jina."

Nilitoka na kikombe changu mkononi.

Jumanne nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Ikonge kumwona mtoto. Nilipofika nilikuta gari la mwenye duka limesimama kando ya shamba la chai. Habari za Jumapili zilikuwa zimefika kabla yangu. Ndani, mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, kofia juu ya goti. Mezani kulikuwa na katoni yenye jina la duka: unga, mafuta, biskuti, na yogati. Mama mkwe alikuwa amempakata mwanangu. Kikombe kilikuwa wazi. Kijiko kilikuwa mkononi mwake.

Sikumbuki kuvuka chumba. Nakumbuka kijiko kikigonga sakafu, na mtoto akishtuka akaanza kulia.

"Mokamwana!" mama mkwe akafoka kwa Kikisii. "Mbele ya mzee wa kanisa?"

"Mama, muulize aliiweka wapi Jumamosi."

"Mwache mzee aseme alichokuja kusema."

Mzee hakukasirika, na hilo lilinitia shaka zaidi. Alisema pole pole, kama anayefundisha somo. Alisema hajaficha kitu. Alisema alipochukua lile jina la nje aliogopa kuwa mtumwa wake, akaomba, akapata amani kwamba duka lote litapumzika, mfanyakazi na mashine. "Imeandikwa hata mnyama apumzike. Mimi sina punda pale dukani. Nina friji." Na milango ikifungwa, akasema, baridi haitoki upesi. Hajawahi kusikia mtu mwingine amelalamika.

Nitasema ukweli, hadi leo sijui kama anaamini au anaokoa pesa za stima. Siku nyingine nafikiri anaamini. Siku nyingine nakumbuka ubao ule unavyowaka.

Mama mkwe alikuwa anamfuta mtoto mdomo kwa ncha ya kanga, na najua mkono wake unavyofanya akiwa anafikiri. Mwishowe akauliza, kwa heshima kabisa, "Mzee, na ile friji ya nyumbani kwako, ya mama watoto. Nayo unaizima Ijumaa?"

Mzee akatazama kofia yake.

"Ile ni ya nyumbani," akasema.

"Eeh."

"Pale kuna maziwa ya wajukuu."

"Eeh," mama mkwe akasema tena. Akachukua kile kikombe, akakifunika kwa kifuniko chake, akakirudisha ndani ya katoni pamoja na vingine, akaisukuma katoni mpaka karibu na viatu vya mzee. Mzee aliomba kwa kifupi, akaondoka. Katoni aliibeba mwenyewe.

Nilidhani yamekwisha. Nikaanza kukusanya nguo za mtoto.

"Unafanya nini?" mama mkwe akauliza.

"Naenda na mtoto wangu."

"Kaa chini. Wewe unasema hivi, yule anasema vile, na yule ni mzee wa kanisa langu. Jumamosi nitakaa naye ukumbi mmoja. Nikimtoa mtoto leo watasema nimekubali mzee anaua watoto. Serikali iseme. Ikisema kwa karatasi, nitamleta mwenyewe mpaka mlangoni kwako."

"Na isiposema?"

"Hapa anakula vizuri."

Nilimtazama mwanangu akicheza na kijiko kilichoanguka. Nikawaza, huyu mama ananitetea au amepata sababu ya kukaa na mjukuu? Nilimnyonyesha mtoto, ingawa maziwa yalikuwa karibu kukauka, nikarudi Keroka peke yangu.

Jumatano asubuhi nikaandika. Jambo la kwanza lililonishinda ni anwani, maana ile barabara ya Keroka ndiyo mpaka: upande huu Kisii, upande ule Nyamira. Mlango wa supamaketi unatazama kaunti moja, na kuhusu stoo ya nyuma watu wawili walinipa majibu mawili. Sikutaka kupewa kisingizio. Nikaandika nakala mbili, moja ya kila upande, nikazipeleka kwa mkono, nikasimama mpaka zote zikapigwa muhuri mbele ya macho yangu. Niliyoandika ni haya:

Kwa Afisa wa Afya ya Umma,

KUH: FRIJI ZA SUPAMAKETI KUZIMWA KUANZIA IJUMAA JIONI HADI JUMAPILI ALFAJIRI

Mimi ni mkaaji wa Keroka, fundi wa kushona, mama wa mtoto mmoja. Nalalamika rasmi kwamba katika supamaketi niliyoitaja katika fomu ya malalamiko iliyoambatishwa, friji na friza zote huzimwa kwa swichi kubwa kila Ijumaa kabla ya jua kutua, na huwashwa Jumapili alfajiri kabla ya wateja kuingia. Maziwa, yogati na nyama zilizopata joto hupozwa au kugandishwa upya na kuuzwa.

Mtoto wangu ameharisha mara tatu baada ya kula yogati niliyonunua hapo Jumapili. Mara ya tatu alilazwa. Sina njia ya kuthibitisha kwamba ni yogati, na siwaombi mniamini. Nawaomba mwende.

Silalamikii dini ya mtu. Mwenye duka anaweza kufunga siku anayotaka. Nalalamikia vyakula vinavyobaki ndani.

Nimepiga simu kwa kampuni yenye jina, wakasema duka ni la mwenyewe. Nimemwendea mwenyewe, akasema utaratibu ni wa kampuni. Naomba ofisi yenu iamue ni nani anayewajibika kwa baridi ya friji, na imwandikie huyo.

Naomba ukaguzi ufanyike Jumamosi, si siku nyingine yoyote. Siku nyingine mtakuta kila kitu ni baridi na mtarudi mkisema mimi ni mwongo. Mkifika, msianze na mlango wa mbele. Zungukeni nyuma, wekeni mkono kwenye mashine zilizo ukutani, kisha mwiteni aliye na ufunguo, mpime joto lililo ndani.

Nakala ya barua hii nimeipeleka pia kwa ofisi ya kaunti ya pili, kwa hivyo msiipeleke huko.

Mwisho, naomba matokeo yaandikwe, yapigwe muhuri, na nipewe nakala yangu mkononi, hata kama mtapata kwamba nimekosea. Mtoto wangu ananyimwa kuishi nami mpaka karatasi hiyo isomwe.